Ukimfunga kamba, mlishe: Swali la sahani ya mwanamichezo wa chuo

KATIKA mtaa wetu yupo mzee mmoja ambaye mwanawe ni mkimbiaji wa mbio ndefu. Kijana yule alipopata nafasi ya kwenda kusoma Marekani kwa sababu ya miguu yake, mtaa mzima ulifurahi. Ikasomwa dua, watu wakala pilau, na mzee akawa anatutajia barazani, kila baada ya swala ya Isha, neno moja tu: "Ufadhili."

Ilipofika Ramadhani ya mwaka 2024, mzee alipigiwa simu saa kumi na nusu za usiku. Yeye alikuwa anakula daku. Kule alikokuwa mtoto ilikuwa bado ni jioni ya siku iliyotangulia, na kijana alikuwa hajafuturu isipokuwa kwa maji na ndizi moja. Sababu? Bwalo la chuo lilikuwa linafungwa saa moja kamili, na mwezi ule jua la kwao lilikuwa linazama kiasi cha saa moja na nusu. Kutoka na chakula nje ya bwalo ilikuwa marufuku. Alfajiri iliyofuata alitakiwa uwanjani.

Mzee alituambia habari ile kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake. Akasema, "Ndugu zangu, mimi niliyedhani nitatumiwa, ndiye ninayetuma. Natuma fedha kutoka Dar es Salaam kwenda Marekani, mtoto akanunue mkate."

Barazani wakatoka watu wa aina mbili. Wa kwanza wakasema: amepewa masomo bure, ashukuru, mwenye kupewa hachagui. Wa pili wakasema: hiyo ni dhulma, nchi tajiri kama ile inashindwaje kumpa mtoto sahani ya wali? Maneno yakawa mengi, kisha kila mmoja akaenda kulala na rai yake.

Mimi sikulala na rai yoyote. Nilibaki na swali, na ndilo ninalotaka tulitazame pamoja wiki hii, ndugu msomaji: Anayemchukua kijana ili acheze kwa jina lake, ana wajibu gani juu ya tumbo la kijana huyo? Na je, akisema bajeti yake ni finyu, wajibu huo unamwondoka?

Kwanza tuelewe hilo neno ufadhili. Wengi wetu tukisikia kijana kapata nafasi ya michezo katika chuo cha Marekani, hudhani amelipiwa kila kitu. Si hivyo. Vyuo vingi vya kule vipo chini ya chama kikubwa cha michezo ya vyuo kinachojulikana kama NCAA, nacho kimevigawa katika madaraja matatu. Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Hata katika Daraja la Kwanza, ambako ndiko kwenye fedha, kwa miaka mingi hadi 2025 timu ya riadha ya wanaume iliruhusiwa kugawa nafasi 12.6 tu za ufadhili, wakati timu yenyewe inaweza kuwa na wakimbiaji, warukaji na warushaji thelathini au zaidi. Basi kocha hukata nafasi moja vipande vipande: huyu alipiwe ada, yule chumba, mwingine apate nusu ya chakula. Na wapo wanaocheza bila kupewa chochote, wakisubiri kocha awaone.

Sasa mchukue kijana wa namna hiyo umweke kazini. Mtu wa kawaida wa umri wake anatosheka na kalori elfu mbili na nusu hadi elfu tatu kwa siku. Mwanamichezo anayefanya mazoezi makali anaweza kuhitaji elfu nne, na wale majitu wa mpira wao wa Kimarekani hupita elfu tano. Hilo si suala la ulafi. Ni hesabu ya kuni na moto. Mwili usiposhiba hula misuli yake wenyewe, mifupa hudhoofika, na kijana huumia kwa pigo ambalo mwenzake aliyeshiba angelipuuza. Tena ana masomo ya kufaulu, maana akifeli anapoteza haki ya kucheza, na akipoteza haki ya kucheza huenda akapoteza na ufadhili.

Hapo ndipo mtu mwenye akili anapotarajia kwamba chama kinachosimamia michezo hiyo kitasema: walisheni vijana hawa. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini kanuni zilisema kinyume. Mwaka 1991 vyuo vya NCAA vilikubaliana kwamba meza maalumu ya wanamichezo iwe ya mlo mmoja tu kwa siku, na mabweni yao ya peke yao yaondolewe. Tuwe waadilifu: nia haikuwa mbaya. Walitaka wanamichezo wasiishi kama wafalme wakati wanafunzi wengine wanaishi kama watu wa kawaida, na walitaka vyuo tajiri visiwavute wachezaji kwa nyama choma. Lakini kanuni iliyoandikwa kwa nia njema ikaja kusimamiwa kwa jicho la karani. Ikafika mahali mchezaji anaweza kupewa matunda, karanga na ule mkate wao wa duara wenye tundu katikati, lakini mkate huo ukipakwa jibini laini unageuka kuwa mlo, na mlo nje ya hesabu ni kosa.

Msomaji anaweza kudhani ninatania. Basi asikie na hili. Mapema mwaka 2014 zilitoka habari kwamba Chuo Kikuu cha Oklahoma kilijishitaki chenyewe kwa sababu wanamichezo wake watatu walikula tambi kupita kiasi kinachoruhusiwa katika karamu ya kuhitimu. Wakatakiwa kila mmoja atoe dola 3.83, thamani ya tambi zile, kwa shirika la hisani. Habari ilipoenea na watu wakacheka, NCAA yenyewe ikasema haina kanuni inayopima ukubwa wa sahani. Labda. Lakini jiulize, ni hofu ya namna gani inayoweza kukifanya chuo kikuu chenye maprofesa kikae kitako kupiga hesabu ya tambi zilizoingia tumboni mwa kijana?

Miezi michache baadaye, Aprili mwaka huo huo, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut ikaingia fainali. Chuo hicho si kigeni kwetu. Ndicho alichochezea kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, tangu 2006 hadi 2009, kabla ya kuchaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA na kuwa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ile. Safari hii nyota alikuwa Shabazz Napier. Katika siku zile za mashindano Napier aliwaambia waandishi wa habari kwamba zipo siku analala na njaa kwa kukosa fedha za chakula. Tarehe 7 Aprili timu yake ikaifunga Kentucky 60 kwa 54, ikatwaa ubingwa. Chuo kilijibu kwamba wenye ufadhili kamili wanapewa mpango mkubwa kabisa wa chakula unaoruhusiwa. Na hapo ndipo penye mafunzo: huenda wote wawili walisema kweli. Mpango ulikuwepo na njaa ilikuwepo. Njaa ya kijana anayetoka mazoezini usiku haisomi mpango ulioandikwa kwenye karatasi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hasa mwenye shibe aliyekaa ofisini.

Siku nane baada ya fainali ile, tarehe 15 Aprili 2014, baraza la NCAA lilipitisha kwamba vyuo vya Daraja la Kwanza viruhusiwe kuwapa wanamichezo wote milo na vitafunio bila kikomo, hata wale wasio na ufadhili. Wakubwa wakasema jambo hilo lilikuwa mezani kabla Napier hajafungua mdomo. Sawa. Lakini lilikuwa mezani muda gani, na waliokuwa wanasubiri chini ya meza walikuwa wanakula nini?

Tukumbuke kwamba wakati vijana wanahesabiwa tambi, chama hicho kilikuwa kimeshatia saini mwaka 2010 mkataba wa televisheni wa miaka kumi na minne kwa ajili ya mashindano ya kikapu ya wanaume, wenye thamani ya dola bilioni 10.8. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Hapa jungu lilikuwepo, ukoko ulikuwepo, na aliyekuwa akikoka moto ndiye aliyekatazwa kusogea.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wale wa barazani waliosema ashukuru, hoja yao ina uzito gani?

Ingekuwa na uzito kama kijana yule angekuwa huru. Ningekupa msaada wa ada tu, nikakuacha ujitafutie chakula, usingekuwa na haki ya kunidai sahani. Nimekupa nilichoweza, mengine ni juu yako. Huo ni wema, na wema haudaiwi nyongeza. Lakini hebu tutazame hali yake halisi ilivyokuwa. Hakuruhusiwa kulipwa kwa kucheza. Hakuruhusiwa kuuza jina lake wala picha yake, ingawa fulana yenye namba yake iliuzwa dukani. Hakuruhusiwa kupokea milo ya mara kwa mara kutoka kwa mshabiki mwenye huruma. Kufanya kibarua? Muda gani? Kanuni zinasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki, lakini tafiti za NCAA yenyewe zimeonyesha kwamba wachezaji wengi wa Daraja la Kwanza hutumia zaidi ya saa 30 katika msimu, mbali na darasani.

Yaani mlango wa kulia umefungwa, na wa kushoto umefungwa, kisha anaambiwa ashukuru.

Ndugu msomaji, katika mafundisho tuliyolelewa nayo kuna kisa ambacho kila mtoto wa madrasa anakijua. Mtume (SAW) alitueleza habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Wengi tunapokisimulia tunasema kosa lake ni kumnyima paka chakula, tunaishia hapo. Lakini kisa hakiishii hapo. Mwanamke yule alimfungia paka, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu na vijinyama vya ardhini. Angemwacha huru asingeulizwa juu ya chakula chake, maana paka wa mitaani wana riziki yao kwa Mola wao. Alipomfungia, ndipo chakula cha paka kikawa deni shingoni mwake.

Hapo ndipo ninapoiona kanuni ambayo barazani hatukuifikia. Wajibu wa kulisha hauji kwa sababu mlishaji ni tajiri. Unakuja kwa sababu ameshika kamba. Ukimzuia mtu asijitafutie, kwa mkataba, kwa kanuni, kwa ratiba au kwa kufuli, basi umechukua nafasi ya ile riziki uliyomzuia. Una njia mbili tu: mfungulie au mlishe. Njia ya tatu ndiyo ya mwanamke yule. Na kama hiyo ndiyo haki ya paka, ambaye hakumletea bibi yule kombe wala mkataba wa televisheni, itakuwaje haki ya mwanadamu anayefanya kazi?

Watu wa vyuo vile waliliona jambo hili zamani, ndiyo maana wakaogopa neno kazi. Katika miaka ya 1950 chama chao, chini ya mtendaji wake mkuu Walter Byers, kilianza kusisitiza kwamba hawa waitwe wanafunzi-wanamichezo, ili wasije wakaonekana mbele ya sheria kuwa ni wafanyakazi wanaostahili fidia wanapoumia. Byers mwenyewe, baada ya kustaafu, aliandika kitabu mwaka 1995 akaeleza jinsi neno hilo lilivyotengenezwa, na akaushutumu mfumo alioujenga kwa mikono yake. Jina linaweza kumhadaa hakimu kwa muda, lakini jasho halibadiliki kwa kubadilishiwa jina.

Haki inataka tuseme pia kwamba kamba ile imelegezwa sana. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tisa kwa sifuri, iliamua kwamba NCAA haiwezi kuvizuia vyuo kuwapa wanamichezo manufaa yanayohusu masomo. Tarehe 1 Julai mwaka huo wakaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao. Na Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Leo wapo vijana wa chuo ambao ni mamilionea. Aliyekuwa anasema wanalala njaa anaweza kuchekwa.

Lakini kamba haikulegezwa kwa wote. Mtoto wa mzee wetu yuko pale kwa viza ya mwanafunzi, na sheria ya viza haikubadilika pamoja na kanuni za michezo. Muhula unapoendelea anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Kuuza jina lake akiwa katika ardhi ya Marekani ni kuhatarisha viza yenyewe. Ule mpango wa serikali yao wa kuwasaidia wenye kipato kidogo kununua chakula, uitwao SNAP, haumhusu yeye mgeni. Hata mwanafunzi mwenyeji hupata shida kuingia humo, kwa sababu moja ya masharti ya kawaida ni kwamba awe anafanya kazi saa 20 kwa wiki, na mwanamichezo saa hizo amekwisha kuzitoa uwanjani. Kwa hiyo kanuni yetu bado inamhusu. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaokwenda kule kukimbia wanaingia kwa mlango huo huo wa viza. Mwenyeji amefunguliwa, mgeni bado amefungwa, na bwalo linafungwa saa moja.

Hapa atasimama mtu mwenye busara aseme: ndugu mwandishi, unazungumzia Connecticut na Oklahoma, lakini chuo cha kijana huyu ni kidogo. Hakina mkataba wa televisheni. Kina majengo machache, ada za wanafunzi, na kocha ambaye ndiye dereva wa basi. Ruhusa ya milo bila kikomo iliwanufaisha wenye nacho, wakajenga majiko ya samaki na nyama na wakaajiri wataalamu wa lishe, na wasio nacho wakabaki na mkate na siagi ya karanga. Unawataka watoe wapi?

Hoja hii ni ya kweli, na inastahili jibu la kweli. Mola hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake, na wala hatusemi kwamba chuo kidogo kilishe kama kikubwa. Lakini ufinyu wa bajeti hauondoi wajibu. Unachofanya ni kubadilisha namna ya kuutekeleza. Nitataja mambo manne.

La kwanza ni idadi. Mwenye chungu cha watu kumi haaliki watu arobaini kisha akalalamikia udogo wa chungu. Vipo vyuo vidogo vinavyosajili wanamichezo wengi kwa sababu kila mmoja, hata mwenye ufadhili wa nusu, analeta ada ya nusu iliyobaki. Huo si ufinyu. Hiyo ni biashara. Chuo kinachojua kwamba hakiwezi kuwalisha wakimbiaji thelathini, kisajili kumi na watano washibe.

La pili ni mpangilio wa matumizi. Bajeti finyu ndiyo inayoonyesha mtu anathamini nini, kwa sababu mwenye vingi hana haja ya kuchagua. Ukikuta jezi mpya kila msimu, ubao mpya wa matokeo wenye taa, na safari ya ndege kwenda kwenye mashindano, kisha ukaambiwa fedha ya mayai haipo, usikubali neno "haipo." Ipo, ila imepelekwa mahali pengine. Sahani inatakiwa itangulie ubao. Nasema hivi nikijua kwamba ubao unaonekana na wageni, na sahani haionekani na mtu isipokuwa mwenye njaa.

La tatu ni kwamba shibe si lazima iwe ghali. Sisi watu wa Pwani na wa bara tunajua hili kuliko wengi. Maharage na wali, mayai, maziwa, uji wa shayiri, ndizi, viazi, karanga, dagaa wa kopo. Chakula hicho kimewakimbiza mabingwa. Kocha wa chuo kidogo akiwa na jiko moja, sufuria kubwa na mtu wa kusimamia baada ya mazoezi ya jioni, amekwisha maliza sehemu kubwa ya tatizo. Asiangalie meza za vyuo vikubwa. Aangalie kama kijana amelala ameshiba.

La nne, ambalo linaniuma zaidi, ni kwamba katika kisa chetu kilichokosekana si fedha. Chakula kilikuwa kimepikwa na kilikuwa kimelipiwa. Kilichokosekana ni ruhusa ya kukifunga katika kibweta na kukipeleka chumbani, kikaliwe baada ya nusu saa. Ruhusa hiyo ina gharama gani? Kuna vyuo kule vinavyowapakia wanafunzi wanaofunga chakula cha futari na daku, na havikufilisika. Mara nyingi tunapoambiwa bajeti hairuhusu, tukichimba chini tunakuta ni mtu tu hakutaka kusumbuka.

Kuna pingamizi moja la mwisho. Kwa nini tumsemee mwanamichezo wakati yuko mwanafunzi wa kawaida mwenye njaa vilevile? Ni kweli yupo. Desemba 2018 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti iliyopitia tafiti 31 kuhusu njaa vyuoni. Nyingi kati ya hizo zilikuta kwamba zaidi ya asilimia 30 ya wanafunzi waliohojiwa hawakuwa na uhakika wa chakula. Wanafunzi wenyewe wameanza kusaidiana. Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kina ghala la chakula la wanafunzi tangu 1993, na mwaka 2010 wanafunzi wa UCLA, kule Los Angeles, walianzisha utaratibu wa kutoa milo yao waliyolipia na wasiyoitumia, ipewe wenye njaa. Wangekuwa mtaani kwetu tungesema wanatoa sadaka. Mwenye njaa ana haki juu ya jamii yake, awe anacheza au hachezi. Lakini mwanamichezo ana haki mbili: ile ya kila mwenye njaa, na ile ya aliyefungwa kamba. Ya kwanza wanadaiwa wote wenye uwezo. Ya pili anadaiwa mmoja anayejulikana kwa jina na anwani.

Na sisi tunaosoma haya tukiwa Kariakoo, Mombasa au Unguja, tusifurahie mno kuwanyooshea vidole watu wa mbali. Ndani ya nyumba zetu wamo mabinti wa kazi. Anaamka kabla ya adhana na analala wa mwisho. Haruhusiwi kutoka, haruhusiwi kufanya biashara ndogo ya kwake, simu yake tumeishika. Kisha tunamwekea ukoko, na kabati la sukari tuna ufunguo wake shingoni. Tukiulizwa tunasema maisha magumu, mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Hii nayo ni bajeti finyu. Na hiyo nayo ni kamba. Tumefundishwa kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, na kwamba tuwalishe katika kile tunachokula wenyewe. Hakikutajwa kiwango cha mshahara wetu.

Kwa wazazi ambao watoto wao wanaitwa na makocha wa vyuo vya ng'ambo, nasema furahini, hiyo ni neema. Suleiman Nyambui wetu alipita katika chuo cha El Paso, Texas, na alikuwa na medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow ya 1980 akiwa mwanafunzi. Lakini kabla ya kutia saini, ulizeni. Msiulize tu ada. Ulizeni: milo mingapi kwa siku? Bwalo linafungwa saa ngapi? Likizo za katikati ya muhula, wanafunzi wanapoondoka, mgeni anakula wapi? Ramadhani itakuwaje? Akiumia asiweze kucheza, sahani inabaki au inaondoka pamoja na mbio? Majibu yaandikwe. Kuuliza si kukosa shukrani. Ni kumkumbusha mwenye kamba kwamba kamba ina upande wa pili.

Mzee wetu, baada ya wiki moja ya kutuma fedha, alimwandikia kocha barua. Mwalimu mmoja wa sekondari alimsaidia Kiingereza. Hakulalamika wala hakuomba fedha. Aliandika kwamba mwanawe anakimbia kwa jina la chuo chao, na yeye kama baba anaomba jambo moja, kijana aruhusiwe kutoka bwaloni na sahani yake. Kocha akajibu siku ya tatu, akaomba radhi, akasema hakuwahi kufikiria. Kuanzia usiku ule kijana akawa anafuturu chumbani, wali na kuku.

"Hakuwahi kufikiria," mzee alilirudia neno hilo barazani, akitikisa kichwa. Tukamwambia ashukuru limekwisha. Akasema amekwisha kushukuru, ila anawafikiria wale ambao baba zao hawakuandika.

Wabillahi tawfiiq.